Kazi Isiyoingia Katika Sanduku la Mgeni

Ndugu zangu wa Bagamoyo, na ninyi wa Kaole, Mlingotini, Zinga, Kerege na Mapinga, na ninyi jamaa zetu wa Bunju, Tegeta, Kunduchi na mji mzima wa Dar es Salaam, ambao siku za mapumziko huifuata barabara ya Bagamoyo kuja kupunga upepo wa bahari na kula samaki: nina ombi moja kwenu, nalo ni kwamba tuwe, kwa pamoja na kwa makusudi, wanunuzi wa kwanza wa kazi za mafundi wetu, badala ya kuwaachia wageni heshima hiyo na kubaki sisi watazamaji wa biashara ifanywayo mlangoni petu.

Mtu akipita Mtaa wa India, akaangalia kwa makini vitu vilivyotandazwa na kutundikwa katika vibanda na maduka ya sanaa, ataona twiga wa mti wa kimo cha shibiri mbili, bangili, mikoba, vinyago vidogo, miiko ya saladi, na picha za turubai zilizo tayari kuviringishwa. Aghalabu ni kazi nzuri, na mimi si mmoja wa wale wanaozibeza; lakini zina sifa moja inayozikusanya zote, kwamba kila moja yaweza kuingia katika sanduku la abiria wa ndege. Jambo hilo halikutokea kwa sadfa. Fundi hutengeneza kinunuliwacho, na maadamu anayenunua ni msafiri ambaye mzigo wake hupimwa kwenye mizani kabla hajaruhusiwa kupanda ndege, kipimo cha sanaa yetu kimeacha kuwa sebule ya mwenyeji na kimekuwa sanduku la mtu atakayeondoka kesho kutwa. Kisichoingia humo, kama vile mlango, kasha, kitanda, au mkeka wa kuenea chumba kizima, hakina mtu wa kukiulizia, na kijana hawezi kujifunza kazi isiyoulizwa.

Mji huu haukuwa hivyo hata katika siku ambazo ulikuwa lango la bidhaa za kigeni. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipoingia bara kutoka mwambao huu mwaka 1857, na Stanley alipowafuata mwaka 1871, fedha yao ya njiani ilikuwa doti za nguo, shanga na nyaya, na nguo iliyopendwa kuliko nyingi ilikuwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, ambao biashara yao ilipata nguvu kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Pembe za ndovu zilishuka, merikani ikapanda, na mahali pengi vitanda vya wafumi vya mwambao na vya bara vikalemewa na nguo iliyokuja kwa merikebu. Hiyo ni hasara tuliyokwisha kuipata, na haina marejeo. Lakini tazameni jambo jingine: mfanyabiashara yule yule aliyetajirika kwa nguo ya kigeni, awe Mwarabu, Mhindi au Mswahili, alipojenga nyumba ya mawe hapa Bagamoyo, alimwita fundi, wakakaa chini, wakapatana mlango.

Mlango huo si kitu cha kupita ukakisahau. Una miimo yake miwili iliyochongwa kwa mistari ya maua na minyororo, una kizingiti cha juu ambacho fundi alikitumia kuonyesha upeo wa maarifa yake, na katikati, pale zinapokutana mbao mbili, una mfaa, ule mti uliosimama wima ambao mtu mwenye jicho huutazama kwanza, kwa sababu nakshi ya mfaa ikipinda hata kwa unene wa kucha, mlango wote huonekana umelewa. Mingine ina njumu za shaba, mingine haina. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, nayo ililipwa kwa awamu: arbuni kwanza, kisha kadiri kazi ilivyosogea, na malizio siku ya kuusimamisha. Aliyeagiza alipita karakanani, akatazama, akakosoa, akasifu. Kwa hakika ujuzi wa fundi ulilelewa na jicho la mwenye nyumba kama vile ulivyolelewa na mkono wa aliyemfunza, kwa kuwa mnunuzi aliyekuwa jirani alirudi kila siku, na kasoro aliyoiona leo angeiona tena mwakani. Mgeni hanunui namna hiyo, wala hatuwezi kumlaumu. Anakuja mara moja, anatazama, analipa, anakwenda zake.

Ninaugeukia mkeka, kwa kuwa ndio uliotuponyoka mbele ya macho yetu. Mama anayejua kazi hii hukata ukindu ungali mchanga, kabla jani halijafunuka, akauanika mpaka uwe mweupe, akaupasua chane nyembamba kwa ukucha au kwa sindano, akazitia nyingine katika maji ya rangi yanayochemka, kisha akakaa kivulini kusuka ukili, huku anazungumza na wenziwe na vidole vyake havihitaji kutazamwa. Ukili ni mwembamba na mrefu, hukunjwa kwa mzunguko kadiri unavyoongezeka, na hupimwa kwa pima; ukitosha ndipo ushonwapo ukingo kwa ukingo, na maua ya rangi yaliyosukwa mbalimbali yakaja kukutana mahali pake bila ya kupishana. Nimewahi kuuangalia mshono huo kwa karibu na sikuona ulipoanzia. Ni kazi ya majuma mengi, ifanywayo baina ya jiko na shamba.

Leo ingieni katika misikiti mingi ya mwambao, na katika kumbi zetu za harusi, na katika vyumba vyetu wenyewe, mtazame kilichotandikwa. Ni mkeka wa plastiki, uliochapwa maua kwa mashine, uliofika kwa kontena. Najua sifa zake: ni rahisi, huoshwa kwa maji na sabuni, nao hupatikana saa yoyote utakayo. Lakini najua pia kwamba baada ya muda si mrefu hukatika mikunjoni, nyuzi zikachomoka, ukaishia jalalani au ufukoni, mahali ambapo haufai hata kuwa mbolea. Na fedha iliyotolewa kuununua haikukaa Kaole hata siku moja.

Mwaka 2020 ulitupa dalili iliyo wazi. Ndege ziliposimama kwa sababu ya maradhi ya korona, idadi ya wageni walioingia nchini ilishuka chini ya nusu ya mwaka uliotangulia, ambao ulikuwa na wageni zaidi ya milioni 1.5. Mchongaji aliyekuwa hana mnunuzi ila mgeni alikaa na vinyago vyake vikipigwa vumbi, ilhali watu wa Dar es Salaam na Bagamoyo waliendelea kuoa, kuozwa, kujenga, kuhamia nyumba mpya na kununua samani kama desturi. Soko lilikuwapo siku zote zile, na fundi yule hakuwa na kitu cha kuliuzia, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoezwa kuchonga twiga wa shibiri mbili.

Habari ya Edward Saidi Tingatinga ina mafunzo kwa sisi wanunuzi. Mtu huyu wa Tunduru alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao za kubandika, kwa rangi zile zile za kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa Oysterbay, penye maduka yaitwayo Morogoro Stores, kwa wageni waliokaa upande ule. Alifariki mwaka 1972, naye hajafanya kazi hiyo miaka mitano. Wanafunzi na jamaa zake wakaiendeleza, na chama chao cha ushirika kingalipo. Jina lake linajulikana duniani. Lakini nawauliza, katika nyumba za Sinza, Mbezi na Tabata, au katika nyumba zetu hapa Bagamoyo, ni ngapi zenye picha moja ya Tingatinga ukutani, na ni ngapi zenye picha ya maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, iliyowekwa ndani ya fremu ya dhahabu ya bandia? Jibu mnalo.

Nasikia hoja ya bei, na siipuuzi, kwa sababu wengi wetu hatuna cha kuchezea. Lakini hoja hii mara nyingi hutolewa na mtu ambaye amelipa bila kunung'unika bei iliyoandikwa kwenye meza ya kioo dukani, kisha akamkalia kitako mama wa mikeka asubuhi nzima akikata bei mpaka ujira wa majuma yake ukageuka kuwa nauli ya daladala. Kupatana bei ni ada ya soko, sina ugomvi nayo. Ila kupatana kusikojua kazi imechukua siku ngapi si kupatana, ni kudhulumu. Kwa wenye uwezo mdogo njia zipo, na tunazijua tangu zamani. Wanawake wetu wanacheza upatu. Je, kikundi cha watu kumi kikiamua kwamba zamu hii kila apokeaye ataagiza mkeka mmoja au kiti kimoja kwa fundi wa mtaani, nani ataumia? Kamati za harusi hukusanya michango mikubwa, na sehemu kubwa ya fedha hiyo huliwa na mapambo ya usiku mmoja. Zikitenga fungu la kumwagizia bibi harusi kitanda cha seremala wa Keko au kasha la mchongaji wa Bagamoyo, maharusi watabaki na kitu baada ya taa kuzimwa.

Ndugu zetu wa Bara Hindi walipoanza katika Bengal, mwaka 1905, kuisusia nguo ya Uingereza, na baadaye Gandhi alipowahimiza kusokota pamba yao kwa mikono, walitambua kwamba mnunuzi ana nguvu ambayo mtengenezaji peke yake hana. Wengine walichoma nguo za kigeni hadharani. Mimi sisemi tuchome kitu. Moshi wa plastiki tumekwisha kuuvuta wa kutosha.

Na mafundi nao wana fungu lao katika wito huu, kwa maana haiwezekani tuwaombe watu waje nao wakija wapate udhia. Fundi anayepokea arbuni Muharram na kusema kesho mpaka Rajabu amewafukuza wateja wa mwenzake pamoja na wake. Vilevile wapo wachuuzi wapakao mti mweupe dawa ya viatu wakauuza kwa jina la mpingo. Mwenyeji na ajue kuutambua: mpingo ni mzito hata huzama majini, na ukikwaruzwa kidogo mahali pasipoonekana, weusi wake hauondoki na kitambaa. Mti huo hukaa zaidi ya miaka 70 kabla haujafaa kukatwa, na huko Ulaya hutengenezewa klarineti za bei kubwa; kuligeuza jina lake kuwa la udanganyifu ni aibu kwa wachongaji waaminifu wa Mwenge na wa hapa. Mapatano na yaandikwe, hata katika karatasi ya daftari: kipimo, mti, bei, siku.

Ofisi za umma nazo haziwezi kukaa pembeni. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi huo kwa makundi maalumu, na halmashauri zinatakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Madiwani wetu na waulizwe, katika mikutano ya hadhara na kwa majina, ni viti vingapi vya shule za wilaya hii vilivyotengenezwa na vikundi vya wilaya hii. Hapa mjini tunayo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na kila mwaka tunalo tamasha lake. Wenyeji tunajaa kutazama ngoma, tunapiga makofi, tunanunua chipsi mayai, tunarudi nyumbani mikono mitupu, tukiwapita mafundi waliopanga kazi zao njiani. Tamasha lijalo kila kaya na iende na fedha ya kitu kimoja, na iwapo kitu kinachotakiwa hakipo, basi kiagizwe pale pale.

Kwa watakaotaka kuanza mapema kuliko tamasha, ninapendekeza tuanze na misikiti, kwa kuwa huko uamuzi ni wa jamaa nzima na kutoa wakfu ni desturi yetu. Kila kamati na ipime sakafu yake kwa dhiraa, ikubaliane ni safu ngapi zitakazotandikwa mikeka ya ukindu kwa Ramadhani ijayo, walau safu ya mbele tu kama mfuko hauruhusu zaidi, kisha iwagawie kazi wanawake wa mtaa ule ule, kila mmoja na pima zake, na iwape arbuni ya kununulia ukindu na rangi. Ukindu hukatwa jua likiwa kali ili ukauke vizuri, na masika hayako mbali. Kwa hiyo kamati itakayokutana baada ya sala ya Ijumaa hii bado ina nafasi, na zitakazongoja mpaka Shaabani zitalazimika kwenda Kariakoo kununua plastiki.