Ukijuta kununua bastola, usione haya kuirudisha

Kuna wagonjwa ambao hawaji kwa daktari na kusema moja kwa moja yanayowasumbua. Husema hawapati usingizi, au kichwa kinawagonga, au moyo huwaenda mbio usiku. Presha ikipimwa hupatikana imepanda, na damu ikipimwa haionyeshi malaria wala sukari. Ni baada ya kuulizwa maswali matatu manne kuhusu hali ya nyumbani ndipo hutamka kwa sauti ya chini kwamba walinunua bastola, na kwamba tangu siku hiyo hawajatulia.

Watu hawa si wakorofi. Aghalabu ni wenye maduka ya jumla, mawakili, wakandarasi au wakulima waliowahi kuvamiwa na majambazi langoni wakirudi kutoka kazini. Waliomba leseni kwa njia halali, wakachunguzwa na polisi, wakapewa cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Walidhani siku watakapoifunga bastola kiunoni watapumua. Badala yake wamepata mzigo, na wanaona haya kuusema kwa sababu waliutafuta wenyewe.

Maoni yangu ni kwamba majuto haya si woga wala si upuuzi. Ni dalili ya afya, kama vile maumivu ya kifua yalivyo dalili, na yanafaa kusikizwa mapema.

Tuanze na mwili. Mtu akiwahi kuelekezewa mtutu wa bunduki, ubongo wake huendelea kukesha hata baada ya hatari kupita. Homoni ya adrenalini hupanda kwa jambo dogo: mbwa akibweka, pikipiki ikisimama nje, lango likigongwa. Hali hii ina matibabu, na bastola si mojawapo. Bastola humpa mwenyewe kazi mpya ya kukesha. Huamka saa nane usiku kuhakikisha kasha la chuma limefungwa. Hawezi kukaa kwa starehe harusini wala kanisani. Zamani aliogopa jambazi peke yake. Sasa anaogopa jambazi, anaogopa kuibiwa bastola yenyewe, anaogopa mtoto asije akaifikia, na siku akigombana na mkewe, anajiogopa yeye mwenyewe.

Je, hofu hiyo ina msingi? Ndiyo, unao. Mwaka 1993 jarida la utabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika kaunti tatu za Marekani. Ulionyesha kwamba hatari ya mtu kuuawa nyumbani kwake ilikuwa karibu mara tatu zaidi penye bunduki kuliko pasipo bunduki. Waliohusika na mauaji hayo aghalabu hawakuwa wageni waliovunja mlango, bali jamaa na watu waliofahamika.

Wako waliopinga wakisema kwamba mwenye kununua bunduki ni yule aliyekuwa hatarini tangu awali. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mwaka 2020 jarida hilo hilo lilitoa utafiti mkubwa zaidi kutoka jimbo la California, uliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni 26 kwa miaka 12. Wanaume waliomiliki bastola walikuwa na hatari ya kujiua kwa risasi karibu mara nane kuliko wanaume wasiokuwa nazo. Kwa wanawake hatari hiyo ilikuwa karibu mara 35. Hatari ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya kununua. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mwaka mzima kupita. Maana yake ni kwamba mtu aweza kununua bastola akiwa na akili timamu kabisa, kisha biashara ikaanguka au ndoa ikavunjika, na silaha ikawa ingali kabatini.

Msomaji atasema Marekani si Kenya. Ni kweli, huko bunduki ni nyingi mno na hupatikana kwa urahisi. Lakini ubongo wa binadamu aliyekata tamaa haujui mpaka wa nchi. Katika utafiti uliofanywa mjini Houston na kuchapishwa mwaka 2001, walionusurika baada ya kujaribu kujiua waliulizwa ulipita muda gani kati ya uamuzi na kitendo. Karibu robo yao walisema haukufika dakika tano. Dhoruba kama hiyo huja na kupita. Wengi wanaonusurika baadaye hawafi kwa kujiua, bali huishi na kulea watoto wao. Tatizo la bunduki ni kwamba haimpi mtu nafasi ya pili.

Ndiyo maana umbali kati ya mtu na silaha huokoa maisha. Jeshi la Israeli liliona hivyo mwaka 2006 lilipowataka askari wake waache bunduki kambini wanapoenda nyumbani mwishoni mwa juma. Idadi ya askari waliojiua ilipungua kwa takriban asilimia 40, na upungufu huo ulitokana hasa na siku za mwisho wa juma. Hawakupewa dawa mpya. Walitenganishwa na silaha wakati ambapo hawakuihitaji.

Sasa tutazame hali yetu hapa nchini. Utaratibu wetu wa leseni humchunguza mwombaji kama anafaa kuwa na bunduki. Mwezi Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye bunduki za leseni wahakikiwe upya, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tunauliza tu, "Je, unafaa?" Hatuulizi, "Je, bado unaitaka?" Mlango wa kuingilia una walinzi wengi, ilhali wa kutokea hauna hata kibao cha kuuonyesha. Mwenye kutaka kurudisha huogopa kuulizwa maswali kama mshukiwa. Huogopa pia kuchekwa na marafiki kwamba ameshindwa kuwa mwanamume.

Kulikuwa na kizuizi kingine. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa hatia. Mgonjwa mwenye mawazo hayo aliona afadhali anyamaze kuliko kumwambia daktari. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Hata hivyo, hofu haifutwi kwa hukumu moja, na sisi madaktari tuna wajibu wa kuwaambia wagonjwa wazi kwamba wakisema watatibiwa, hawatashtakiwa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, polisi watangaze kwamba mwenye leseni anaweza kusalimisha silaha yake kituoni wakati wowote, kwa heshima na bila kuhojiwa kwa nini. Pili, madaktari tuwaulize wagonjwa kuhusu bunduki nyumbani kama tunavyowauliza kuhusu sigara na pombe, hasa wale wenye huzuni nyingi, walevi, na wazee walioanza kusahau. Tatu, mke au mume asikizwe kabla ya leseni kutolewa na kila inapotakiwa kufanywa upya. Yeye ndiye anayelala karibu na kasha lile.

Najua swali litakalofuata: majambazi wakirudi, je? Siwezi kuahidi kwamba hawatarudi. Lakini anayevamiwa langoni hukuta mwenzake amekwisha chomoa bastola, na yake ingali kiunoni. Zaidi ya hayo, bastola ni kitu ambacho majambazi hukitamani kuliko runinga. Taa nzuri langoni, king'ora, mlinzi aliye macho, majirani wanaopigiana simu, na kutolala na mauzo ya siku nyumbani, yote hayo hupunguza hatari bila kuongeza nyingine.

Kwa msomaji ambaye tayari anajuta, haya ndiyo mashauri yangu. Usimuuzie rafiki wala kumpa ndugu akuwekee. Kumkabidhi silaha mtu asiye na leseni ni kosa, na utakuwa umehamisha hatari tu. Piga simu kwanza kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, ueleze nia yako, kisha uipeleke ikiwa haina risasi, pamoja na cheti chako. Usiingie kituoni ukiwa umeishika mkononi. Wakati unaposubiri, risasi zikae mahali pengine palipofungwa, mbali na bastola. Usidhani watoto hawajui ufunguo uliko, kwani aghalabu wanajua. Pombe na bastola zisikutane katika nyumba moja hata kwa usiku mmoja.

Na iwapo yamekujia mawazo ya kujidhuru, usiiguse kabisa. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, muwaombe polisi waje kuichukua, kisha mwende hospitali iliyo karibu. Usingizi uliokosekana, moyo kwenda mbio na kukata tamaa ni mambo yanayotibika kwa ushauri na, inapobidi, kwa dawa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini anayejuta kununua bastola kabla haijamdhuru mtu amejuta mapema, na hiyo ni bahati ambayo wengi hawakuipata. Fedha alizotumia zimekwenda, tukubali. Bado zitakuwa hasara ndogo kuliko zote ambazo silaha hiyo ingeweza kumletea.