Sifuri na Pengo

Karani wa zahanati ya kijijini Butiama aandikapo 0 katika safu ya wagonjwa wa malaria, amekwisha kutoa habari. Aiachapo safu wazi, hakutoa habari yoyote. Nao mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, utumiwao na Wizara ya Afya, kwa desturi yake hauihifadhi sifuri mpaka uamrishwe. Kwa kuwa sifuri na pengo hupotezana kirahisi hivyo, abuniye aina za majibu ya hifadhidata ya XML itakayotunza takwimu kama hizi hana udhuru wa kurudisha kila jibu kama maandishi matupu, ilhali lugha ya kuulizia hifadhidata hiyo, XQuery, tangu ilipoidhinishwa mwaka 2007, yapambanua nambari, tarehe, kipande cha waraka na jibu lisilo na kitu. Afisa aliyeko Musoma, akisomewa sifuri mahali pa pengo, ataielekeza dawa Bunda badala ya Butiama, na hesabu zake, ajabu, zitakuwa sahihi.