Kabla ya mtambo wa kukamua tangawizi, nunueni vikaushio



Kijana mmoja wa huku milimani kanionyesha video ya kiyeyushi kipya cha kukamulia tangawizi. Kikundi chao kinataka kuchukua mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kinunue mtambo. Akaniuliza, "Bwana shamba, tuingie?" Nikamwambia bado.

Sayansi yenyewe si utapeli. Vinaitwa viyeyushi vya yutektiki. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walieleza mchanganyiko wa kolini kloridi, ile inayowekwa kwenye chakula cha kuku, na urea, hii hii unayokuzia mahindi. Kolini kloridi peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 302, urea 133. Ukizichanganya kwa kipimo sahihi zinayeyuka kwenye 12 tu, yaani zinabaki maji maji hata zikipoa. Kwa vitu vya kula, watafiti hutumia asidi ya limau, sukari na vingine vya aina hiyo. (Usijaribu jikoni na urea ya mfuko!) Maabara zimeona vinavuta jinjeroli, ule ukali wa tangawizi, bila heksani inayoshika moto upesi.

Shida iko wapi sasa? Ukikamua kwa spiriti, unaipasha moto inaruka, oleoresini inabaki. Hiki kipya hakiruki. Kingi ni kizito kama asali, na kukitenganisha na ulichokamua ni kazi nyingine yenye gharama yake. Hapo video haikufika.

Halafu hakuna kiyeyushi kinachoongeza jinjeroli ambayo haimo. Tangawizi iking'olewa changa kwa sababu dalali kawahi, ikaota ukungu kwenye gunia, hata mtambo wa Ulaya hauiokoi. Na mbichi ni karibu asilimia 80 maji. Unalipia Fuso kuteremsha maji hadi Same mjini!

Maoni yangu ni haya: mkopo uende kwenye vikaushio vya jua. Subiri miezi 8 hadi 9 ikomae. Osha kwa maji safi, kata vipande vyembamba, anika juu ya kichanja hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 12. Moto mkali usitumie, unageuza jinjeroli kuwa shogaoli. Kisha peleka sampuli maabara wakupimie. Ukishika karatasi yenye kiwango chako, na wewe una la kusema kwenye bei.

Wataalamu wa SUA na TIRDO nao nawaomba: kijaribuni kiyeyushi hiki kwa tangawizi ya Same, mtuletee hesabu yote, pamoja na ya kutenganisha. Ikilipa, mimi wa kwanza kusema tuingie. Ila marejesho ya mkopo hayasubiri utafiti, vijana wangu.

Tukutane shambani.