Kivu ya Kusini: mito ya milimani inaua, nani anaipima?

Jioni ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mito inayoteremka juu ya Nyamukubi na Bushushu, katika eneo la Kalehe, ilitoka njia yake ikabeba mawe, nyumba na watu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na maelfu wengine hawakujulikana walipo. Siku mbili mbele, mvua hizohizo zilikuwa zimeua zaidi ya watu 130 upande wa pili wa ziwa, Rwanda.

Jambo lililofuata halikusikika sana kwa wakaaji wa Kivu. Mwishoni mwa Juni 2023, wanasayansi wa kikundi World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kuchunguza kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia msiba fulani, walitoa ripoti juu ya mafuriko hayo ya kandokando ya Ziwa Kivu. Kwa nchi nyingine huwa wanatoa jibu kwa namba: mvua iliongezeka kwa kiasi fulani. Kwetu walisema hawawezi kujibu, kwa sababu takwimu za mvua hazitoshi. Watu mamia wamezikwa na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni milimita ngapi zilinyesha juu ya vilima vile.

Tuelewane juu ya neno moja. Watafiti wanaposema bonde la mto, wanamaanisha ardhi yote ambayo tone la mvua likianguka hapo litaishia kwenye mto huo. Bonde la mto Kongo ni nusu ya Afrika ya Kati. Bonde la kijito cha Kalehe linaweza kuwa vilima vichache tu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mlima ni mkali, njia ya maji ni fupi, na kati ya mvua kubwa ya juu na wimbi la matope la chini zinapita saa chache, pengine chini ya hapo. Setelaiti inaona wingu lakini haioni vizuri kinachoanguka kwenye kilima kimoja huku kilima jirani kikibaki kikavu. Kinachotakiwa ni kipimamvua juu mlimani na mtu wa kukisoma, pamoja na mti wenye alama mtoni wa kuonyesha maji yamepanda hadi wapi.

Si kwamba mkoa huu haujui sayansi. Lwiro, katika Kabare, kuna kituo cha utafiti cha CRSN, mrithi wa taasisi ya IRSAC ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1947. Mulungu kuna INERA, Uvira kuna kituo cha hidrobiolojia, na Bukavu kuna vyuo vikuu vyenye walimu wanaojua milima hii kwa miguu yao. Na kazi iliyofanyika, mara nyingi pamoja na vyuo vya Ulaya, ina mambo ambayo kila mkuu wa eneo angepaswa kuyajua.

La kwanza ni la miti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 juu ya maporomoko ya udongo kati ya Kivu na kaskazini ya Tanganyika ulionyesha kwamba msitu ukikatwa kwenye mteremko, maporomoko madogo yanaongezeka kwa muda wa karibu miaka 15, na udongo unaopotea kwa njia hiyo unazidi mara 2 hadi 8. Fikirieni maana yake. Kilima kilichokatwa leo ili kuchoma makala ya kuuza Goma au Bukavu kinaweza kumwangukia mtoto ambaye hajazaliwa bado. Mizizi ya zamani inaoza polepole, na mihogo na maharagi havishiki udongo kwa kina. Anayekata na anayekufa si lazima wawe mtu mmoja.

La pili haliui papo hapo, lakini linagusa siasa ya Kinshasa. Mwaka 2019 jarida la Nature Geoscience lilichapisha kazi juu ya maji ya vijito 19 vya Kongo yetu, toka mabonde yenye msitu mzima hadi yale yaliyogeuzwa mashamba. Watafiti walipima umri wa kaboni iliyoyeyuka majini. Kwenye msitu, kaboni ni changa: inatoka kwenye majani na udongo wa juu. Kwenye mabonde yaliyokatwa, mto ulikuwa umebeba kaboni ya zamani sana, ya zaidi ya miaka elfu moja, iliyokuwa imelala chini ya ardhi. Tena ni chakula rahisi kwa vijidudu vya majini, ambavyo vikiila vinairudisha hewani kama gesi ileile inayopasha dunia joto.

Serikali inajiita nchi ya suluhisho mbele ya dunia, na Januari 2025 ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Hesabu za biashara ya kaboni kwa kawaida zinahesabu miti. Zikisahau mto, zinasahau mlango ambao kaboni ya udongo inatokea. Kwa maoni yetu, nchi inayotaka kulipwa kwa kaboni yake ingeanza kwa kujua ni kiasi gani kinachokimbia na maji kila msimu.

Na udongo huo una pa kwenda. Ule wa Kalehe na Kabare unaingia Ziwa Kivu pamoja na mbolea yake ya asili, na mkulima wa juu anabaki na ardhi nyekundu isiyozaa. Ule wa Bukavu unateremka pamoja na chupa za plastiki hadi kwenye bwawa la Ruzizi, na wakaaji wa mji wanajua kinachofuata: umeme unakatika.

Vita navyo. Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Bukavu, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukawa mikononi mwao. Benki zilifunga. Mtafiti anayepaswa kusoma mto mara moja kwa juma hawezi kuuliza kila mara ni nani anashika kizuizi cha barabara leo, na mfululizo wa vipimo ukikatika mwaka mmoja, mwaka huo haurudi.

Hata hivyo, sehemu ya kazi hii haihitaji maabara. Uganda, kwenye milima ya Rwenzori, wakaaji wa kawaida wamefundishwa tangu 2017 kuandika kwa simu kila poromoko na kila mafuriko wanayoyaona, na takwimu zao zimetumiwa na watafiti. Kwetu kila kilima kina shule, na kila shule ina mwalimu anayefika asubuhi. Kipimamvua cha plastiki, daftari, na posho ndogo ya kila mwezi kwa mwalimu huyo ni gharama ambayo jimbo, kanisa au shirika moja lingeweza kubeba. Kazi ngumu ni ile ya pili: nani anapokea simu yake saa tisa jioni akisema maji yamepita alama, na ana uwezo gani wa kuamuru soko la chini lifungwe. Kalehe, siku ile ya Mei, kazi hiyo haikuwa ya mtu yeyote. Mvua za Kivu zinaanza Septemba.