Pointi 20 mkononi, kibali cha kuwinda bado hakuna

IDAHO walikuwa na siku yao. Kila Disemba Mosi asubuhi, wawindaji kutoka kila kona ya Marekani walikaa mbele ya kompyuta, simu mkononi, wakisubiri saa 4:00 ifike. Ikifika, mtandao unawapanga foleni kwa bahati nasibu, kila mtu na namba yake. Ukiangukia mbele, unanunua kibali cha kuwinda elki au kulungu kwenye eneo unalolitaka. Ukiangukia nyuma, unaangalia maeneo mazuri yakiisha moja baada ya jingine hadi zamu yako inafika hakuna kitu.

Shabiki aliyewahi kusaka tiketi ya dabi ya Kariakoo dakika za mwisho haitaji kuelezwa mara mbili.

Siku hiyo sasa haipo. Kwa msimu wa 2026, Idaho imeachana na utaratibu wa mwenye kuwahi ndiye anayepata kwa wageni wanaotoka majimbo mengine. Wote wameingizwa kwenye droo, na maombi yalipokelewa kati ya Disemba 5 na 15, 2025. Kabla ya hapo Colorado ilishafunga mlango wake. Kuanzia msimu wa 2025, mgeni anayewinda kwa upinde na mshale hawezi tena kwenda dukani akanunua kibali cha elki upande wa magharibi wa barabara kuu ya I-25, upande wenye milima na wenye elki. Naye ni droo.

Ndani ya mwaka mmoja milango miwili mikubwa imefungwa. Swali linalowasumbua wawindaji wa kawaida kule ni jepesi: waliokuwa wanapita milango hiyo wanaenda wapi?

IKO HIVI

Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, dume lake linaweza kuzidi kilo 300, na Colorado ina zaidi ya 250,000, wengi kuliko jimbo lolote Marekani. Mwindaji wa kule hanunui ruhusa ya kuwinda chochote atakachokutana nacho. Kibali chake kinasema mnyama gani, eneo gani, silaha gani na tarehe zipi, na akishaua anakifunga kwenye mzoga. Kibali kimoja, mnyama mmoja. Nyama anaibeba kwenda nyumbani, na kuiacha ioze porini ni kosa la jinai.

Mnyama ni mali ya umma chini ya usimamizi wa jimbo. Ardhi nayo, kwa sehemu kubwa ya magharibi, ni ya serikali kuu. Taasisi mbili tu, ile ya misitu na ile ya usimamizi wa ardhi, zinashika zaidi ya ekari milioni 430, karibu mara mbili ya Tanzania nzima. Fundi magari wa Denver akiwa na kibali mfukoni anaegesha gari, anabeba hema na kupanda mlima bila kumuomba mtu ruhusa.

Hapa nyumbani kelele kama hizi hazisikiki kwa sababu mfumo ni mwingine. Uwindaji wa kitalii Tanzania unafanyika kwenye vitalu. Kampuni inachukua kitalu, kwa mnada wa kielektroniki tangu utaratibu huo ulipoanza mwaka 2019, na mteja wake, ambaye mara nyingi ni Mmarekani, anawinda humo bila kugongana na mteja wa kampuni ya jirani. Kenya wao walipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Kitalu kina utulivu wake, lakini fundi magari wa Morogoro hayumo humo kama mteja. Marekani fundi magari yumo, na kinachogombaniwa sasa ni kama ataendelea kuwemo.

POINTI ZINAZOPANDA KULIKO MTU

Majimbo mengi yaligawa vibali adimu kwa pointi. Ukiomba ukakosa, unapewa pointi moja. Mwakani unaomba tena, na wenye pointi nyingi wanatangulia. Kwenye karatasi ni haki tupu, mvumilivu hula mbivu.

Tatizo ni hesabu. Chukua mfano eneo lenye vibali 10 kwa mwaka na watu 200 wenye pointi 15 kila mmoja. Mwaka huu wanatoka 10. Waliobaki 190 wanapanda hadi pointi 16, na mwakani wanatoka 10 wengine. Itachukua miaka 20 kulimaliza kundi hilo, na muda wote huo waliokuwa na pointi 14 wanasubiri nyuma yao, nao wakipanda. Pointi unazotakiwa kuwa nazo zinapanda kila mwaka kwa kasi ileile unayopanda wewe. Ni sawa na kukimbiza timu iliyo juu yako kwenye msimamo, na kila ukishinda nayo inashinda.

Hiyo si hadithi. Kaskazini magharibi mwa Colorado kuna maeneo ya elki, kama yale yenye namba 2, 10 na 201, ambayo kwa mgeni yanataka zaidi ya pointi 20. Kijana wa miaka 18 anayeanza kuomba leo hafukuzii lengo lililosimama. Anaweza kulipia maombi kila mwaka mpaka magoti yanamkatalia kupanda mlima, na bado asiitwe.

Jimbo kila mwaka linakusanya ada ya maombi na kutoa pointi, kama klabu inayouza kadi za uanachama zenye ahadi ya kiti uwanjani huku viti haviongezeki. New Mexico na Idaho hawana pointi kabisa, kila mwaka droo ni mpya na aliyeanza jana analingana na mzee. Wazee waliojilimbikizia pointi kwingine hawataki hata kusikia mfumo huo, na inaeleweka. Mtu aliyelipa miaka 22 hawezi kuambiwa kirahisi kwamba foleni imefutwa.

Ajabu ni kwamba Marekani haina wawindaji wengi kuliko zamani. Ukilinganisha na idadi ya watu wake, wamepungua sana tangu miaka ya 1980. Kilichoongezeka ni maombi. Zamani mtu aliwinda jimboni kwake, na kuomba kwingine kulihitaji fomu, stempu na hundi. Leo anaomba majimbo sita kwa simu akiwa kitandani. Colorado walilionja hilo mwaka 2018 walipoondoa sharti la kulipa bei yote ya kibali wakati wa kuomba. Maombi ya wanyama adimu kama kondoo wa milimani na musi yalipaa ghafla, kwa sababu kujaribu bahati hakukuumiza mfuko tena. Juu yake weka programu za ramani zinazomwonyesha mgeni kila njia na kila mpaka, na video za mtandaoni zinazotaja mabonde kwa majina. Siri ya babu wa kijijini imekuwa mali ya kila mwenye bando.

ELKI NAYE ANASOMA MCHEZO

Wenyeji wa Colorado walilalamika muda mrefu kuhusu Septemba. Ndiyo miezi ya madume kulia wakiita majike, na mwindaji wa upinde anamsogelea elki kwa kumwigizia sauti. Sasa unaiga sauti, unajibiwa kutoka bondeni, unanyata nusu saa, kumbe anayekujibu ni jamaa mwingine mwenye upinde. Maegesho mwanzo wa njia yamejaa magari kabla hakujapambazuka.

Lakini hasara kubwa si kero ya kukutana na watu. Elki akisukumwa anahama, na watafiti waliowafunga vifaa vya kufuatilia wameliona hilo mara nyingi: msimu ukifunguliwa, wanyama wanavuka kutoka ardhi ya umma kwenda mashamba ya watu binafsi ambako hawafukuzwi. Hapo mwenye shamba anaweza kutoza ada kubwa kwa anayetaka kuingia. Umati wa ardhi ya umma unamsukumia tajiri wateja na bidhaa kwa pamoja. Colorado, kwa ujumla, ni takriban mwindaji mmoja tu kati ya watano anayerudi na elki.

Kwa hiyo kupunguza watu Septemba kuna hoja ya kweli ndani yake. Kasoro iko kwenye nani anapunguzwa. Mwenyeji wa Colorado bado ananunua kibali cha upinde bila droo, mgeni ndiye aliyefungiwa. Kwenye uchaguzi wa jimbo mgeni hapigi kura.

Ila mgeni ndiye anayelipa. Wyoming, kibali cha elki kwa mwenyeji ni dola 57. Kwa mgeni ni dola 692, na kuna droo ya pembeni, yenye ushindani mdogo kidogo, ambako kibali hichohicho ni dola 1,950. Idara za wanyamapori zinaishi kwa fedha hizi pamoja na kodi ya bunduki na risasi inayoelekezwa kwao na sheria ya mwaka 1937, ambayo mgawo wake kwa kila jimbo unategemea pia idadi ya wanaokata leseni. Ndiyo maana hakuna jimbo linalofunga mlango wote. Linabana wageni kwa idadi kisha linapandisha bei kwa waliobaki, na kwa mwendo huo fundi magari wa Ohio anatoka kabla ya daktari wa Ohio. Hapo ubaguzi hauko kwenye sheria, uko kwenye bei.

Wyoming wana jingine. Sheria yao inamtaka mgeni anayewinda wanyama wakubwa kwenye hifadhi za nyika awe na mwongozaji au mwenyeji wa kumsindikiza. Ni ardhi ya serikali kuu, ya Wamarekani wote. Mgeni huyohuyo akienda kupiga picha au kuvua samaki anaingia peke yake na hakuna anayemuuliza. Sababu inayotolewa ni usalama. Wanaofaidika ni makampuni ya waongozaji, na hilo haliwekwi kwenye bango.

NGAZI YA WYOMING

Katika haya yote, jambo linaloweza kupunguza msongamano kweli halikutoka kwenye droo. Lilitoka mahakamani, likaanza na ngazi.

Maeneo mengi ya magharibi yamegawanywa kama ubao wa drafti, kipande cha umma, kipande cha mtu binafsi, vikipishana. Vipande viwili vya umma vinagusana kwenye kona tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walifika Elk Mountain, Wyoming, wakasimamisha ngazi juu ya kona hiyo, wakapanda upande huu na kushuka upande ule bila kukanyaga udongo wa shamba la mtu. Mwenye shamba akasema wamevuka anga lake. Walishtakiwa kwa kuingia bila ruhusa, na mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaachia. Mwenye shamba akafungua kesi ya madai akitaka mamilioni ya dola. Akashindwa mwaka 2023, akashindwa tena kwenye rufaa Machi 2025, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Majaji wa rufaa waliegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuzingira ardhi ya umma.

Kampuni ya ramani ya onX ilikadiria kwamba ekari milioni 8.3 za umma magharibi mwa Marekani zilikuwa zimefungiwa nyuma ya kona za namna hiyo. Ni zaidi ya mara mbili ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Droo inagawana upungufu uliopo, kona zikifunguliwa uwanja wenyewe unapanuka. Na wawindaji wameonyesha wana nguvu wakisimama pamoja. Juni 2025 seneta Mike Lee wa Utah alitaka sehemu ya ardhi ya umma iuzwe, kelele zikapigwa, nyingi zikitoka kwa wapigakura wa chama chake, na kabla mwezi haujaisha akaondoa pendekezo. Kwenye vibali hawajawahi kuungana hivyo, kwa sababu kibali cha mgeni aliyekosa ni nafasi kwa mwenyeji.

Hata ushindi wa ngazi una mipaka. Hukumu hiyo inafunga majimbo sita yaliyo chini ya mahakama ile ya rufaa, ikiwemo Wyoming, Colorado, Utah na New Mexico. Montana haimo. Jimbo hilo lina kona nyingi za aina hiyo, na idara yake ya wanyamapori imeshikilia kwamba kuvuka kona bado si halali kwao. Vibali vyao vya elki kwa wageni vina kikomo cha 17,000 kwa sheria, na msimu wao wa bunduki unakwenda wiki tano. Wanaokosa Idaho na Colorado watapeleka maombi huko.