Tuchague Mlima wa Sote

Yapata wiki tatu sasa baraza yetu ya kahawa hapa Mji wa Kale, Mombasa, haina amani. Si siasa iliyotugombanisha, wala si kandanda. Kisa ni mlima.

Nianze na asili ya mambo, msomaji asije akadhani tumerukwa na akili. Miaka miwili iliyopita daktari aliniambia kuwa sukari imenipanda, na kwamba pamoja na vidonge sina budi kutembea. Basi nikawa kila nikisha kusali Alfajiri natoka Ngomeni kwa miguu, nafuata bahari hadi Mama Ngina, kisha narudi. Mwanzo tulikuwa wawili, mimi na swahibu yangu tuliyesoma naye chuo kimoja tangu hatujajua kufunga kikoi. Leo tumefika kumi na mmoja, wazee kwa vijana, na wanawake wanne ambao hututangulia mbele wala hawatungoji. Tukaanzisha mchango wa kila mwezi, kila mtu fungu sawa, tukaambiana: zikitimia, Inshallah, tutoke nje ya nchi tukatembee milimani siku tano au sita.

Fedha zimetimia. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mzee mmoja mpita njia alitusikia akasimama, akaegemea bakora yake. "Nyinyi," akasema, "mwalipa nauli mwende mukachoke? Wazee wetu walikuwa wakilipwa wao ndipo watembee!" Tukacheka, lakini neno lake si la kutupwa. Pwani hii imekula jasho la miguu. Wapagazi na watu wa misafara walikwenda bara na kurudi, na hakuna aliyeiita kazi ile likizo. Hata hivyo, namjibu mzee wangu kwa heshima: mwendo wa dhiki ni mmoja, na mwendo wa kuangalia ni mwingine. Dini yetu yenyewe inatuhimiza tuende katika ardhi tuzingatie. Na Ibn Battuta alipolala Mombasa mwaka 1331, katika mambo aliyoyaandika juu yetu ni kwamba tulikuwa tukienda miguu mitupu. Kwenda kwa miguu si jambo geni kwetu. Kilicho kigeni ni kukaa kitako mchana kutwa.

Kwa hivyo suala si kwenda au kutokwenda. Suala ni kwenda wapi, na hapa ndipo nataka kutoa rai yangu.

Vijana wetu wanataka Kilimanjaro. Wanasema uko karibu, ng'ambo tu ya Taveta, na ndio mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895. Kweli tupu. Lakini mlima ule haupandwi kiholela. Lazima uwe na waongozaji wenye leseni, na kila siku unayokaa ndani ya hifadhi hulipiwa. Kwa sababu hiyo, mwenye mfuko mwembamba huchagua safari ya siku chache, na siku chache ndizo zenye hatari. Mwili wa mtu wa pwani, aliyezaliwa usawa wa bahari, unahitaji muda kuizoea hewa nyepesi. Maradhi ya mwinuko huweza kumshika mtu tangu mita 2,500, na hayamtazami kijana wala shababi.

Nina ushahidi wa nyumbani. Mtoto wa ndugu yangu alikwenda huko na rafiki zake kwa safari ya haraka. Siku ya tatu kichwa kikamuuma, akatapika, akaficha. Kwa nini alificha? "Ami," aliniambia, "niliona haya kuwa mimi wa kwanza kurudi." Alishushwa kwa machela usiku. Alhamdulillahi, alipona mara tu aliposhuka chini. Wapo wasiopona.

Wengine barazani wamependekeza Moroko, na nawaelewa. Ni nchi ya Kiislamu, chakula hakina wasiwasi, na milima ya Atlas inasifika. Kilele cha Toubkal kina mita 4,167, ndicho kirefu kupita vyote Afrika ya Kaskazini, na wapandaji huanzia kijiji cha Imlil. Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 liliua watu zaidi ya 2,900, wengi wao katika vijiji vya milima hiyo, kwa hivyo mgeni anayekwenda akaacha fedha yake kwa watu wale ametenda jema. Lakini nauli ya ndege peke yake itameza zaidi ya nusu ya mfuko wetu. Isitoshe, Waamazighi wa kule wana lugha yao, na hicho Kiarabu chetu cha chuoni hakitatufikisha mbali. Tutatembea siku sita tukitabasamu kama mabubu.

Tena iko Oman. Hii naijua kwa macho, maana nilikwenda Muscat kwa harusi ya binamu yangu, nao wakanipandisha Jebel Akhdar. Gari lazima liwe la kuvuta magurudumu yote manne, askari hukagua njiani. Huko juu, uwanda wa Saiq una mwinuko wa mita 2,000 hivi, na vijiji vimeng'ang'ania ukingo wa jabali, na chini yake makonde ya ngazi yenye mikomamanga na mawaridi. Maji huletwa na falaji, mifereji ya kale ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Njia za miguu zimetiwa alama za rangi juu ya mawe. Tena, nilipochoka nikakaa kitako, dereva wetu aliniuliza kwa Kiswahili cha Unguja, "Vipi bwana, magoti yamekataa?" Nikajiona niko kwetu.

Oman ni nzuri, nami natamani kurudi. Lakini ina wakati wake, kuanzia Novemba hadi Machi. Kiangazi, mabondeni jua hupita digrii 40. Mvua ikinyesha milimani, bonde kavu hugeuka mto kwa dakika chache. Na zile njia za pembezoni mwa korongo la Jebel Shams si za mtu wa kizunguzungu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Wakati sisi tukishindana kwa vilele na mita, swahibu yangu alikosekana barazani siku mbili. Siku ya tatu alituma ujumbe: jina lake lifutwe, na fungu lake apewe kijana mmoja asiye na kazi. Nikamwendea nyumbani. Nilimkuta amekaa na goti lake amelifunga kitambaa. Goti hilo lilimharibikia bandarini zamani, alikokuwa akifanya kazi. Asubuhi zetu za Mama Ngina hutembea nasi, polepole, na hafiki mwisho kila siku. "Bwana," akaniambia, "nendeni. Sitaki niwe mzigo."

Maneno yale yalinichoma. Mtu huyu ndiye aliyetoka nami asubuhi ya kwanza, mimi nikiogopa hata kuvuka barabara kwa kizunguzungu cha sukari. Fungu lake ni sawa na letu, tena hakukosa hata mwezi mmoja. Leo tumezungumza milima wiki tatu, na hakuna aliyeuliza goti lake litafika wapi. Wala hatukuwauliza wale wanawake wanne. Walipoulizwa, walitaja mambo ambayo sisi wanaume hatukuyafikiria: tutalala nyumba gani, tutapata maji ya udhu, na je, mtu akichoka katikati kuna gari la kumrudisha?

Hayo ndiyo masuali. Safari ya kundi hupimwa kwa mguu wa aliye nyuma. Basi mimi kura yangu naitia Usambara.

Msinicheke. Vijana wameshanicheka, ati Usambara si ng'ambo. Ukivuka Lungalunga ukagongewa muhuri Horohoro, umetoka nje ya nchi kama aliyekwenda Ulaya, tena bila kuomba viza kwa kuonyesha hesabu za benki. Utapita Tanga, Muheza na Korogwe mpaka Mombo, na hapo gari hupanda kwa mizunguko hadi Lushoto, mwinuko wa mita 1,400 hivi. Hewa ni baridi, lakini mwinuko huo haumgonjwesi mtu kichwa. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia huwa utelezi mtupu. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kukavu, ila chukua sweta.

Uzuri wa Usambara ni kwamba njia zake ni za watu. Ziliwekwa na Wasambaa kwa kwenda shambani, sokoni na msikitini. Aliye mzima atatembea siku tatu au nne, kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni, chini yake tambarare ya Mkomazi. Mwenye goti bovu atapanda gari la abiria akatungoje kijiji cha mbele, na jioni tutakula pamoja. Au ataishia Irente, mwendo mfupi kutoka mjini, na jabali lile litamwonyesha nyika yote ya chini pasipo kupanda kilele. Waislamu ni wengi, adhana utaisikia, maji yapo. Na Kiswahili kinatosha: ukimwamkia mzee njiani atakuitikia, atakuuliza watoka wapi, nawe utamjibu.

Tena si mahali pasipotuhusu. Krapf, aliyekaa Rabai, alikwenda kwa miguu hadi Vuga mwaka 1848 akamkuta mfalme Kimweri. Na habari za ukoo wa Kimweri, tangu mwindaji Mbega alipotoka Ngulu, ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, Mwislamu wa pwani kama sisi, katika kitabu chake *Habari za Wakilindi*. Wangapi kati yetu tumekisoma? Mtu hutafuta mlima wa mbali asioujua, na ule ulioandikwa kwa lugha yake hajaukanyaga.

Siwakatazi vijana Kilimanjaro. Wakusanye zao, wachukue siku nyingi, na wa kwanza kuumwa kichwa aseme bila haya. Mlima hauondoki. Lakini fedha hizi ni za watu kumi na mmoja, na miguu ishirini na miwili ndiyo itakayozila.

Ijumaa hii baada ya Isha tutapiga kura. Nimeshamwambia swahibu yangu kuwa jina lake halikufutwa. Hakunijibu. Alifungua tu kile kitambaa, akalikunja goti na kulinyoosha, akaniuliza, "Huko Mtae, gari hufika saa ngapi?"