Mji Usio na Chakula Chake?

Yupo mwandishi aliyetangaza kwamba kumtembeza mgeni kwa miguu katika Nairobi ili aonje maakuli yake ni upuuzi mtupu, kwa kuwa mahindi yalitoka Amerika, chapati Bara Hindi, na mji wenyewe haukuwapo kabla ya reli kufika mwaka 1899. Tarehe ni sahihi. Hitimisho ndilo lililopotea njia. Maana ikiwa asili ya mbegu ndiyo hukumu, basi na aende kwanza Ayalandi, ambako kiazi kililetwa kutoka Amerika hiyohiyo, na ambako hata hivyo wageni huzungushwa mitaa ya Dublin wakilishwa mapishi ya kisasa kwa fahari na kwa bei, akawaamuru wenyewe wazime majiko. Nasi tukikiponda kiazi hichohicho pamoja na mahindi na majani ya maboga, tukakiita mukimo, tumemdhulumu nani?

Ati hakuna cha kuona! Bila shaka bwana huyu hupita Waiyaki Way vioo vimefungwa. Laiti angeshuka Mountain View jioni moja, akavuka hadi Kangemi, angemkuta mchoma mutura akiikata juu ya ubao, vipande vya unene wa kidole, chumvi na kachumbari kando, na wenye suti wakisubiri zamu nyuma ya makondakta.

Kuhusu hofu yake ya matope, avae viatu.

Na adaipo kwamba mwenyeji hahitaji kiongozi, ilhali makala yake nzima haikuwataja hata kidogo samaki wa Ziwa Victoria, ambao huliwa kwa ugali mchana kutwa katikati ya jiji, yeye ndiye wa kwanza kuandikishwa katika matembezi hayo.